Askari Naye Anahitaji Amani ya Moyo

Kuna jambo ambalo askari hufundishwa tangu siku ya kwanza anapovaa sare: asionyeshe hofu. Fundisho hilo ni jema, maana raia wakimwona mlinzi wao anatetemeka, nao hutawanyika. Lakini kutoonyesha hofu si sawa na kutokuwa nayo. Askari ni mtu. Ana mke au mume, ana watoto wanaotakiwa karo, ana mama mgonjwa kijijini, ana deni dukani, na ana mambo aliyoyaona kazini ambayo hawezi kuyasimulia mezani mbele ya wanawe. Leo tunapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya mzigo huo usioonekana, na juu ya njia ya kuutua ambayo watu wengi wa mwambao wa Ziwa Mweru wameishika kwa miaka mingi, nayo ni imani ya Kikristo.

Tunajua kwamba katika kila kikosi wamo Waislamu na watu wa imani nyinginezo, na kwamba wao pia wana sala zao wanazozitegemea. Hatuandiki ili kumbeza mtu yeyote. Mada yetu ni hiyo moja, na msomaji wa dini nyingine atachukua humu kile kitakachomfaa.

YANAYOONEKANA MPAKANI

Tunaanzia Mantapala, katika Wilaya ya Nchelenge, Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Tangu mwezi Agosti 2017, maelfu ya watu wa Kongo walivuka mpaka kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika wakikimbia mapigano. Wengi waliingia kwa upande wa Chiengi, wakapokelewa kwa muda Kenani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 wakaanza kuhamishiwa Mantapala. Idadi yao ilipita watu 10,000. Makazi hayo hayakukusudiwa kuwa boma la kufungia watu. Wakimbizi walipewa viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima, na shule na zahanati zikapangwa ziwafae wao pamoja na wenyeji. Kiswahili cha Katanga kikasikika pamoja na Kibemba, na mtu aliyepoteza kila kitu ng'ambo akaanza tena kuchimba shimo la nguzo ya nyumba.

Haikuwa mara ya kwanza kwa nchi ile kupokea wageni wa namna hiyo. Mwaka 1999 ilifunguliwa kambi ya Mwange huko Mporokoso, na mwaka 2000 kambi ya Kala huko Kawambwa. Zote mbili zilifungwa mwaka 2010. Tena, Desemba 2000, mji wa Pweto ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa ulipotekwa, waliovuka kuingia Zambia hawakuwa raia tu. Walikuwamo askari walioshindwa vitani. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila mwenye bunduki. Siku zile, mtu aliyezoea kuwalinda wakimbizi alijikuta mwenyewe mkimbizi, na hofu aliyokuwa ameizoea machoni mwa wengine akaijua kifuani mwake.

Sasa tumfikirie askari wa zamu katika mahali pa mapokezi kama hapo. Watu wanafika usiku na mchana. Kazi yake ni kuwapanga mstari, kutazama kama kuna silaha zilizofichwa, kuandika majina, na kuzuia ugomvi wakati wa kugawa chakula. Mama mmoja anaulizwa idadi ya watoto wake, anataja wanne, kisha anajirekebisha na kusema watatu. Askari anaandika tatu. Hakuna mahali katika kitabu pa kuandika yule wa nne. Zamu inakwisha, kitabu kinafungwa, lakini yule wa nne anaondoka naye hadi nyumbani, anakaa naye kwenye chakula, na usiku wa manane anamwamsha.

Hivyo ndivyo mzigo wa askari unavyojengeka. Watu hudhani kwamba anayeumizwa na vita ni aliyepigwa risasi peke yake. La. Huumia pia aliyewasikiliza walionusurika mwaka mzima, aliyeokota maiti ziwani baada ya mtumbwi kupinduka, aliyefika wa kwanza kwenye ajali ya basi, na aliyelazimika kutumia nguvu siku ambayo hapakuwa na njia nyingine. Tena juu ya hayo yako mambo ya kawaida ya kila mtumishi: mshahara usiofika mwisho wa mwezi, uhamisho wa ghafla, nyumba ya kikosi yenye paa linalovuja, na familia iliyo mbali.

MZIGO UNAPOKOSA PA KUTULIWA

Mtu mwenye mzigo kama huo hufanya nini? Wengi hunyamaza. Baadhi huenda kilabuni, wakalewa ili walale. Wapo wanaogeuza uchungu kuwa hasira, na hasira hiyo haimwangukii mkubwa wa kazi, humwangukia mahabusu, mchuuzi wa samaki aliyekosea njia, mkimbizi asiyejua lugha, au mke aliyeuliza swali dogo. Asubuhi mtu huyo huyo hupiga saluti, na viatu vyake vinang'aa. Kwenye gwaride hakuna atakayemtambua.

Mwezi Desemba 2021, jijini Nairobi, askari polisi mmoja alimwua mkewe kwa bunduki, akatoka nje akaua watu wengine, kisha akajiua. Hatujui yote yaliyokuwa moyoni mwake, wala si kazi yetu kumhukumu marehemu. Lakini Kenya nzima ilijiuliza swali ambalo kila nchi yapaswa kujiuliza: je, tunakagua silaha za askari wetu kila siku, na nani anayekagua hali ya moyo wa yule anayezishika?

Hapa ndipo penye hoja yetu. Amani ya moyo wa askari si jambo lake la faragha. Mkulima mwenye wasiwasi aweza kujiumiza mwenyewe. Askari mwenye wasiwasi anashika bunduki, ana mamlaka ya kukamata, na anasimama mlangoni pa watu waliokwisha kuonja ukatili. Mkimbizi aliyefika Mantapala amekimbia watu wenye silaha. Mtu wa kwanza anayekutana naye upande huu naye ana silaha. Sauti ya askari huyo, namna anavyomtazama mtoto, namna anavyopokea kitambulisho kilicholowa maji, ndiyo inayomwambia mgeni kama amefika salama au amebadilisha tu mahali pa kuteswa. Askari hawezi kumpa mwingine utulivu ambao yeye mwenyewe hana.

ASKARI KATIKA MAANDIKO

Watu wengine hudhani kwamba dini ni ya wazee na akina mama, na kwamba askari akionekana anasali ameanza kulegea. Wenye mawazo hayo hawajasoma Biblia vizuri. Askari wamejaa katika Agano Jipya, tena hawakudharauliwa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 3, askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wao nao wafanye nini. Yohana hakuwaambia wavue sare. Aliwaagiza wasimdhulumu mtu kwa nguvu, wasimshitaki mtu kwa uongo, nao waridhike na mshahara wao. Kwa mara ya kwanza maagizo hayo huonekana kama sheria ya kazi tu. Lakini tukiyatazama kwa makini tutaona kwamba ni maagizo ya kupata usingizi. Ni nani asiyejua kwamba sehemu kubwa ya wasiwasi wa askari hutokana na mambo aliyoyafanya mwenyewe? Aliyechukua fedha kwenye kizuizi cha barabarani huishi akihesabu ni nani walioona. Aliyempiga mahabusu huogopa kila barua inayotoka makao makuu. Aliyemsingizia mtu kosa humkwepa mtu huyo sokoni, ingawa ndiye mwenye bunduki. Hapana sala iwezayo kumtuliza mtu ambaye kesho amekusudia kurudia dhuluma ileile. Imani ya Kikristo haianzi kwa kumpapasa askari mgongo. Inaanza kwa kumwambia asafishe mikono yake, aungame, arudishe alichochukua ikiwezekana, kisha apokee msamaha na asiendelee kujitesa kwa lililokwisha kusamehewa.

Halafu kuna akida wa Kapernaumu, ambaye mtumishi wake aliugua. Mtu huyu alikuwa na askari mia chini yake, na alizoea kusema neno likatendeka. Lakini alifika mahali ambapo amri yake haikufaa kitu. Hakuona haya kuomba msaada, tena kwa Myahudi, raia wa nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Rumi. Yesu aliisifu imani yake kuliko ya wengi waliomzunguka. Askari wengi hukwama hapo hapo. Wamezoea kutatua mambo kwa amri, na wasiwasi hautii amri. Kukiri kwamba jambo limekushinda, na kulipeleka kwa aliye mkuu kuliko wewe, ni utaratibu ambao kila askari anaufahamu kazini. Imani inamtaka aufuate na moyoni.

Wa tatu ni mlinzi wa gereza la Filipi, ambaye habari zake ziko katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Usiku tetemeko la nchi lilifungua milango ya gereza. Mlinzi alipoamka akaona milango wazi, alidhani wafungwa wametoroka, akachomoa upanga ili ajiue. Alijua adhabu ya mlinzi aliyepotewa na wafungwa. Aibu na hofu vilimfikisha mahali ambapo aliona kifo ni nafuu. Paulo, akiwa gizani ndani ya gereza, akapaza sauti kumzuia asijidhuru, akamhakikishia kwamba wote walikuwamo. Mlinzi akaomba taa, akaingia ndani akitetemeka.

Tunawaomba ndugu zetu waifikirie habari hii kwa utulivu. Kabla ya mahubiri, kabla ya ubatizo, neno la kwanza ambalo Ukristo ulimwambia askari huyo lilikuwa la kumzuia asijiue. Na aliyelisema ni mfungwa wake, mtu ambaye mlinzi huyo mwenyewe alikuwa amemfunga miguu kwenye mkatale. Kama yuko askari anayesoma ukurasa huu, naye amewahi kuitazama silaha yake kwa wazo kama lile, neno hilo ni lake. Usijidhuru. Mweleze mwenzako usiku huu huu, mkabidhi silaha, usingoje asubuhi.

AMANI INAYOSIMAMA LINDO

Miaka michache baadaye, Paulo aliwaandikia Wakristo wa mji ule ule wa Filipi, naye wakati huo alikuwa kifungoni, akilindwa na askari. Filipi lilikuwa koloni la Rumi ambalo askari wastaafu walikuwa wamepewa ardhi, kwa hiyo mambo ya jeshi yalifahamika vyema mjini humo. Katika sura ya 4 ya waraka huo aliwaeleza kwamba badala ya kujisumbua waombe, wakishukuru, na amani ya Mungu itailinda mioyo yao. Neno la Kiyunani alilolitumia kwa kulinda ni neno la kijeshi. Ndilo alilolitumia mahali pengine aliposimulia jinsi walinzi walivyowekwa mjini Dameski ili wamkamate.

Kwa hiyo amani anayoitaja Paulo haifanani na usingizi wa mlevi, wala na hali ya mtu asiye na shida. Inafanana na askari aliyesimama mlangoni. Hatari iko nje, kelele ziko nje, lakini kuna mlinzi, na aliyemo ndani aweza kulala. Askari wa zamu anaijua maana ya jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Wenzake hulala kwa sababu yuko macho. Imani inamwambia kwamba yeye naye yuko anayemlinda, asiyelala wala kubadilishwa zamu.

Amani hiyo haiji kwa mara moja na kukaa milele. Huombwa kila siku, kama chakula. Tunamshauri askari Mkristo aanze zamu yake kwa sala fupi, hata ya dakika moja, akitaja kwa jina jambo linalomtia hofu. Zamu inapokwisha, kabla hajaingia nyumbani, asimame kidogo amkabidhi Mungu wale aliokutana nao: yule mama na watoto wake watatu, na yule wa nne ambaye hakuandikwa. Sala haitamrudisha mtoto. Lakini askari hatakuwa tena peke yake katika kumkumbuka, naye ataingia kwake akiwa na nafasi moyoni ya kuwasikiliza wanawe.

IMANI HAIFUKUZI DAKTARI

Hapa lazima tuseme kwa ukali kidogo. Wako wahubiri wanaowaambia watu kwamba mwenye imani hafadhaiki, na kwamba anayekosa usingizi ana dhambi iliyofichwa au amerogwa. Wengine huwataka wagonjwa watupe dawa zao, na hata kutoa fedha ili waombewe. Mafundisho hayo yameumiza watu, tena hayana msingi katika Maandiko.

Yesu mwenyewe alifadhaika. Usiku wa Gethsemane aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni kubwa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Kama yeye aliomba wenzake wakae macho kwa ajili yake, askari gani aone haya kumwambia mwenzake akae naye? Naye nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa, alikimbilia jangwani akaketi chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika ampe mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena chakula. Mazungumzo yalikuja baadaye. Mwili uliochoka ulitunzwa kwanza.

Kule Kashikishi, Nchelenge, iko Hospitali ya Mtakatifu Paulo iliyotokana na misioni ya Kikatoliki. Wale walioianzisha hawakuona kwamba kujenga wodi ni kukosa imani. Sala na dawa vilikaa pamoja. Nayo Serikali ya Zambia ilipitisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2019, ikiwatambua wenye maradhi hayo kuwa ni watu wenye haki zao. Basi askari anayeona picha za mambo yaliyopita kana kwamba yanatokea sasa, asiyelala wiki nzima, anayeshtuka kila mlango unapobamizwa, au anayetaka kufa, na aende hospitali kama anavyokwenda akiwa na malaria. Aende na Biblia yake mfukoni akipenda. Mficha maradhi, kifo humfichua.

KWA WAKUBWA WA VIKOSI

Hatuwezi kumaliza bila kuwageukia makamanda na wakuu wa vituo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake mamia kwa utoro, woga na makosa mengine ya namna hiyo, na wengi wanaamini kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa wa akili kwa sababu ya mizinga. Mwaka 2006, miaka 90 hivi baadaye, 306 kati yao walisamehewa kwa sheria. Msamaha ulifika makaburini.

Katika jeshi hilo hilo na vita hivyo hivyo, Desemba 1915, kasisi Philip Clayton na mwenzake Neville Talbot walifungua nyumba ya mapumziko mjini Poperinge, Ubelgiji, nyuma kidogo ya mstari wa mbele. Ilipewa jina la Talbot kwa kumbukumbu ya ndugu yake Neville aliyeuawa vitani mwaka ule. Mle ndani vyeo viliachwa mlangoni. Jenerali na kuruta waliketi pamoja, wakanywa chai, wakasoma vitabu, na aliyetaka kusali alipanda ngazi hadi darini, ambako meza ya seremala iligeuzwa madhabahu. Vita haikusimama. Askari walirudi kwenye mahandaki, na wengi hawakurejea. Lakini walikuwa wamepata mahali pa kuwa watu kwa saa chache.

Kila kikosi chaweza kuwa na mahali kama hapo, hata kama ni chumba kimoja chenye viti vinne. Kamanda na amruhusu kasisi wa kikosi kutunza siri za wanaomwendea, asimgeuze mpelelezi. Likizo itolewe kwa haki, hasa kwa waliokaa muda mrefu mipakani. Askari anayesema kwamba amechoka moyoni asiitwe mwoga mbele ya wenzake, wala jambo hilo lisitumiwe kumnyima cheo baadaye. Atakayeaibishwa mmoja, kumi watanyamaza, na siku moja mmoja wa hao kumi ataleta msiba.

UFUKO WA WATU WALIOCHOKA

Ng'ambo ya Nchelenge, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, iko Luanza. Msiri, mtawala wa Garenganze, aliuawa Desemba 1891, na nchi yake ikavurugika. Watu waliotawanyika walimfuata mmisionari Dan Crawford hadi ufukoni pale, na mwaka 1894 kituo cha Luanza kikaanzishwa. Walikuwa watu waliochoka vita na biashara ya utumwa. Upande wa Luapula, misioni ya Mbereshi ilianzishwa mwaka 1900. Kwa hiyo imani ya Kikristo katika mwambao huu ilikua tangu mwanzo miongoni mwa watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kupumzika, na wale waliofika Mantapala zaidi ya miaka 120 baadaye walikuta njia ambayo wengine walikwisha kuipita.

Usiku usio na mwezi, isipokuwa katika miezi ya kufunga uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, taa za wavuvi wa chisense huonekana juu ya ziwa. Wavuvi wale hufanya kazi yao kwa sababu wanajua nchi kavu kuna watu wanaolinda nyumba zao. Nasi tunalala kwa sababu hiyo hiyo. Ni deni letu kwa askari, na hatuwezi kulilipa kwa kumsifu siku za sikukuu tu.

Basi, ndugu askari, usibebe peke yako. Safisha mikono yako mbele ya Mungu na mbele ya watu. Taja hofu yako katika sala. Mtafute mwenzako mmoja mwaminifu, na kasisi, na daktari ikilazimu. Mtazame mkimbizi, mahabusu na mkeo nyumbani kama watu ambao nao wanatafuta kile unachokitafuta wewe. Amani utakayoipata haitaishia kifuani mwako. Itaonekana mpakani, kituoni na mezani kwako, na wale waliokimbia bunduki watajua kwamba si kila mwenye bunduki ni wa kukimbiwa.